MGENI NJOO, MWENYEJI APONE? Uhakiki wa Maisha na Kazi za Kim Longinotto

Utangulizi

Katika ukurasa huu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuhakiki filamu, tena filamu za mtu ambaye si Mswahili, si Mwafrika, na wala Kiswahili hakijui. Jina lake ni Kim Longinotto, mwongozaji wa filamu za hali halisi kutoka Uingereza. Sababu ya kumchagua yeye ni moja. Mwaka 2002 alitoa filamu aliyoipiga nchini Kenya iitwayo The Day I Will Never Forget, yaani Siku Ambayo Sitaisahau. Mada yake ni ukeketaji wa wasichana.

Tuliitazama filamu hiyo pamoja na wanafunzi wetu hapa Nakawa, alasiri moja, madirisha yakiwa yamefungwa ili kelele za Barabara ya Jinja zisituzidi. Ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Sisi, kwa mazoea ya darasani, tulikuwa tayari kuuliza swali la mtihani: taja dhamira tano zinazojitokeza. Kabla hatujafungua kinywa, mwanafunzi mmoja wa kike anayetoka Sebei alinyoosha mkono. "Mwalimu," alisema, "hawa wote ni watu wa hapa hapa kwetu. Mbona maneno yao tumeyasoma kwa Kiingereza?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Makala hii ni jaribio la kulitafuta.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huifundisha kila mwaka, na kila mwaka tunaieleza kwa mfano ule ule wa kuku anayechinjwa kwa ajili ya mgeni na mwenyeji naye akala mchuzi. Leo tunaiuliza kwa namna nyingine. Mgeni huyu alipokuja na kamera yake, mwenyeji alipona? Hoja yetu ni kwamba alipona nusu. Ile nusu iliyobaki haikuwa kazi ya mgeni. Ilikuwa, na bado ni, kazi ya sisi walimu wa lugha.

Maisha yake

Longinotto ni binti wa baba mwenye asili ya Kiitaliano na mama kutoka Wales. Baba yake alikuwa mpiga picha ambaye baadaye alifilisika. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi alipelekwa katika shule ya bweni ya wasichana, na huko ndiko lilikotokea jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo ufunguo wa kazi zake zote. Katika ziara moja ya shule alipotea njia. Aliporudi, adhabu aliyopewa ilikuwa ya ajabu: wasichana wenzake walikatazwa kuzungumza naye kwa muhula mzima.

Tusipite haraka hapa. Adhabu hii haikuwa ya viboko wala ya kulima shamba la shule. Ilikuwa adhabu ya lugha, mtoto kunyimwa kusemeshwa. Baadhi yetu tuliosoma katika shule za Afrika Mashariki tunaijua adhabu ya jamii hiyo, ijapokuwa yetu ilikuja kwa sura nyingine. Katika shule ya msingi tuliyosoma, mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake mwenye kosa hilo hilo. Jioni, waliokivaa kibao wote walichapwa. Tulichojifunza zaidi ya Kiingereza ni kunyamaza. Mpaka leo tukiwaona wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wakikaa kimya darasani kwa kuogopa kukosea ngeli, twakikumbuka kibao kile.

Longinotto aliondoka katika shule hiyo, akaishi kwa muda bila makazi, kisha akasoma fasihi ya Kiingereza na ya Ulaya katika Chuo Kikuu cha Essex. Kutoka hapo alijiunga na Shule ya Taifa ya Filamu na Televisheni ya Uingereza. Akiwa bado mwanafunzi alifanya jambo ambalo wanafunzi wengi wangelitamani: alirudi na kamera katika shule yake ya zamani. Filamu iliyotokana na ziara hiyo, Pride of Place ya mwaka 1976, inaionyesha shule kwa macho ya wasichana wenyewe. Mwaka 1978 ikafuata Theatre Girls, kuhusu hosteli ya wanawake wasio na makazi katika mtaa wa Soho jijini London.

Kwa hiyo filamu zake mbili za mwanzo zinahusu mambo mawili yaliyompata yeye mwenyewe, yaani shule iliyomnyamazisha na maisha ya kukosa paa. Baada ya hapo hakujielekezea tena kamera. Alikwenda kwa watu wengine, lakini swali alilokwenda nalo halikubadilika: katika nyumba hii, katika mahakama hii, katika kijiji hiki, nani amekatazwa kusema?

Tunamwita mwongozaji wa kujitegemea kwa sababu hakuajiriwa na kampuni kubwa za filamu. Kwa miaka mingi amefanya kazi kupitia kampuni ndogo iitwayo Vixen Films, akitafuta fedha filamu moja baada ya nyingine, mara nyingi kutoka vituo vya televisheni. Uhuru huo una gharama zake. Wasomaji wengi wa ukurasa huu huenda hawajapata kulisikia jina lake kabla ya leo.

Mtindo wake

Katika uhakiki wa fasihi tunatofautisha msimulizi maizi, ajuaye yote, na msimulizi mhusika, ajuaye aliyoyaona tu. Filamu nyingi za hali halisi kuhusu Afrika zina msimulizi maizi. Ni sauti nzito ya mwanamume asiyeonekana, inayotueleza kila kitu: hawa ni watu gani, wanateseka kwa nini, na tuwaonee huruma kiasi gani. Wenyeji wenyewe huonekana wakitwanga, wakichota maji, wakicheza ngoma. Midomo yao inacheza lakini sauti tunayoisikia si yao.

Longinotto kwa kawaida huiondoa sauti hiyo. Kamera huishika yeye mwenyewe, na mara nyingi mwenzake huwa ni mwanamke mmoja tu wa kunasa sauti. Mary Milton alifanya naye kazi hiyo katika filamu kadhaa. Wanawake wawili na vyombo vyao wanaingia chumbani, wanakaa pembeni, wanangoja. Mahojiano ni machache. Hakuna muziki wa kutuambia lini tulie. Mazungumzo huachwa yaende mpaka mwisho, pamoja na vituo vyake, kigugumizi chake na vimya vyake.

Kwa wanafunzi wa isimujamii hili ni jambo la thamani kubwa, kwani tunayaona mazungumzo yenyewe badala ya muhtasari wake. Nani anaanza kusema, nani anakatizwa, nani anashusha sauti anapoingia mzee, nani anabadili lugha katikati ya sentensi, yote yanaonekana. Ni vitu tunavyovifundisha kwa michoro ubaoni, na hapa vina nyuso za watu.

Lakini kuna kitendawili. Mwongozaji huyu amepiga filamu Japani, Iran, Kamerun, Kenya, Afrika Kusini na India bila kuzijua lugha za huko. Anawezaje kumsikiliza mtu asiyeelewa anasema nini?

Mgeni na wenyeji wake

Jibu ni kwamba katika kazi zake bora hakwenda peke yake. Nchini Iran alishirikiana na Ziba Mir-Hosseini, mwanaanthropolojia mzaliwa wa huko na mtaalamu wa sheria za ndoa za Kiislamu. Wawili hao waliiongoza pamoja Divorce Iranian Style, filamu ya mwaka 1998 kuhusu mahakama ndogo ya talaka jijini Tehran. Wanawake wanaingia mbele ya kadhi mmoja baada ya mwingine, na mtazamaji aliyekuja akidhani ataona wanawake waoga anapigwa na butwaa. Wanabembeleza, wanatania, wanafoka, wanadanganya inapobidi, wanarudi tena kesho. Sheria haiko upande wao, lakini ndimi zao ni kali kuliko sheria. Mwaka 2001 wawili hao walitoa Runaway, kuhusu makazi ya wasichana waliotoroka nyumbani.

Nchini Kamerun mwenzake alikuwa Florence Ayisi, mzaliwa wa nchi hiyo. Filamu yao, Sisters in Law ya mwaka 2005, ilipata tuzo katika tamasha la Cannes mwaka huo huo. Inahusu mji wa Kumba, ambako mwendesha mashtaka Vera Ngassa na hakimu Beatrice Ntuba wanashughulikia kesi za wanawake na watoto waliopigwa na kudhulumiwa. Tunawaomba wasomaji waitazame filamu hii kwa sikio la mwalimu wa lugha. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni ya Kiingereza cha pijini. Bi. Ngassa ni msomi wa sheria, anakimudu Kiingereza cha mahakamani, lakini anapomhoji mama wa kijijini au mwanamume aliyempiga mkewe, anatumia pijini. Katika lugha hiyo mtuhumiwa hana mahali pa kujificha, hawezi kusingizia kwamba hakuelewa swali. Tungependa kila anayedhani kwamba lugha ya mitaani haifai kwa mambo mazito aione ofisi ile.

Florence Ayisi baadaye alikuja kwetu Uswahilini. Mwaka 2007 alitoa Zanzibar Soccer Queens, kuhusu timu ya wanawake wa Zanzibar iitwayo Women Fighters wanaocheza kandanda huku baadhi ya jamaa na majirani wakinung'unika. Mwenyeji wa Kumba akawa mgeni wa Unguja.

Filamu za Longinotto zilizofuata ziliendelea na njia ile ile. Rough Aunties, kuhusu wanawake wanaowalinda watoto jijini Durban, ilishinda tuzo ya majaji katika tamasha la Sundance mwaka 2009. Pink Saris ya mwaka 2010 inamfuata Sampat Pal Devi huko Uttar Pradesh, India. Dreamcatcher ya mwaka 2015, iliyopigwa Chicago, ilimpatia tuzo ya uongozaji huko Sundance. Kwa walimu wa fasihi tunapendekeza zaidi Salma ya mwaka 2013. Inahusu mwanamke wa Kitamil aliyefungiwa ndani na jamaa zake tangu usichana, akaandika mashairi kwa siri kwenye vipande vya karatasi vilivyotolewa nje kwa kificho, na hatimaye akawa mshairi mashuhuri na mwanasiasa. Anayeuliza ushairi una faida gani aonyeshwe filamu hiyo kabla ya kujibiwa.

Filamu ya Kenya

Sasa turudi nyumbani. Katika The Day I Will Never Forget, mwenyeji anayempokea mgeni ni Fardhosa Ali Mohamed, muuguzi Msomali wa Kenya. Tunamwona akienda nyumba kwa nyumba, akizungumza na kina mama kuhusu madhara ya kuwakata na kuwashona mabinti zao. Hahubiri. Anakaa, anacheka, anauliza habari za watoto, na mazungumzo yanapokolea ndipo anapoliingiza neno lake. Wakati mwingine anashindwa. Wanawake wanamjibu kwa hoja za mila, za heshima, za kuolewa. Filamu haiwafanyi wajinga, na hilo ni jambo la kusifiwa.

Yumo binti mdogo wa Kisomali aliyetunga shairi. Jina la filamu limetoka katika shairi hilo. Analisoma kwa Kiingereza cha shuleni, wima, kama mtoto anayekariri mbele ya darasa, na linahusu siku aliyokatwa. Kisha anamwomba mama yake amuahidi kwamba mdogo wake hatafanyiwa vivyo hivyo. Katika darasa letu hapa Nakawa ndipo vitambaa vilipotolewa mifukoni.

Yumo kijana wa Kimaasai anayerudi kumkabili mama yake mzazi. Na wamo wasichana kumi na sita wa Marakwet, katika Bonde la Ufa, waliotoroka makwao na kwenda mahakamani kuomba wazazi wao wazuiwe kuwakeketa. Mtetezi wa haki za binadamu Ken Wafula aliwasaidia, na mahakama ikatoa amri waliyoiomba. Tafakarini, wasomaji wetu, maana ya tendo hilo katika jamii zetu. Mtoto kumshtaki baba! Wasichana wale wanakaa katika chumba cha mahakama, wazazi upande huu, wao upande ule. Hakuna anayeinua sauti, lakini hakuna asiyeelewa kwamba kuna kitu kimekatika ambacho itachukua miaka kukiunga.

Kwa wanafunzi wetu wa Uganda, Marakwet si mbali. Lugha ya Wasabiny wa Kapchorwa, Kupsabiny, ni ya jamii moja ya Kikalenjin na lugha ya Wamarakwet. Mlima Elgon unatenganisha nchi, haukutenganisha mila. Ndiyo maana aliyeuliza swali alikuwa binti wa Sebei. Kwake yeye filamu hii haikuwa habari za ng'ambo.

Kasoro zake

Mhakiki anayesifu tu hajahakiki. Tunaona kasoro tatu.

Ya kwanza ni ile sehemu inayoonyesha wasichana wawili wa Kisomali wakikeketwa nyumbani. Kamera haionyeshi kila kitu, lakini vilio tunavisikia. Mwanafunzi mmoja alitoka nje. Wengine walitoa hoja nzito: mtu mzima mwenye kamera anaruhusiwa kukaa chumbani humo bila kuzuia? Wapo watakaojibu kwamba bila ushahidi huo dunia isingeamini, na kwamba mgeni asingeweza kuzuia tendo lililoamuliwa na familia. Jibu hilo tunalielewa, lakini halitutoshelezi. Mtoto yule hakuombwa idhini ya kukatwa, wala ya kupigwa picha akikatwa. Filamu inayotetea haki ya mtoto kusema hapana ilipaswa kulibeba swali hili wazi, mbele ya mtazamaji. Imelinyamazia, na kimya hicho hakitofautiani sana na vile vimya ambavyo mwongozaji huyu amevipiga vita maisha yake yote.

Ya pili ni historia. Mtindo wa kutazama bila kueleza una faida zake tulizozitaja, lakini hauwezi kumweleza mtazamaji kilichotokea kabla kamera haijafika. Mwaka 1929 wamisionari katika nchi ya Wakikuyu waliwataka waumini waikane tohara ya wasichana. Wengi walikataa, wakayahama makanisa na kuanzisha shule zao wenyewe. Jomo Kenyatta aliitetea mila hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliifanya kuwa moyo wa riwaya yake ya mwaka 1965, The River Between. Mwaka 1956 baraza la wazee la Wameru lilipoipiga marufuku kwa kuungwa mkono na serikali ya kikoloni, wasichana waliasi, wakajikata wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Mgeni kutoka Uingereza anayeingia katika mada hii anatembea juu ya makaa ambayo wageni wenzake waliyawasha. Mwalimu atakayeionyesha filamu hii bila kuifundisha historia hiyo atakuwa amewapa wanafunzi wake nusu ya kisa.

Ya tatu ndiyo ile ya swali la mwanafunzi wetu. Katika filamu hii kuna Kiswahili, Kisomali, Kiingereza na lugha nyingine za Kenya. Nakala tuliyoitazama ina maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na maandishi hayo yanazifanya lugha zote kuwa moja. Muuguzi anapobadili lugha ili amkaribie mama mmoja, maandishi hayabadiliki. Mtoto anapotumia neno la heshima kwa mzee huku akimkatalia, Kiingereza kinabakiza kukataa tu, na heshima inapotea. Kumbe ushujaa wa wasichana wale umo katika kuviweka viwili hivyo pamoja: kumkatalia mzazi bila kumvunjia adabu. Tafsiri imetupa matunda na kuuacha mti.

Maneno yetu wenyewe

Hata hivyo, ni rahisi mno kumlaumu mgeni. Hebu tujitazame sisi.

Tunayo maneno mawili ya jambo hili. La kwanza ni tohara, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya usafi. Anayesema "binti amepashwa tohara" ameshahukumu kwamba kabla ya hapo hakuwa safi. La pili ni ukeketaji, kutokana na kitenzi keketa, yaani kukata kwa chombo kisicho na makali. Anayesema "binti amekeketwa" naye ameshahukumu. Hakuna neno la katikati. Kila anayefungua kinywa kuhusu jambo hili katika Kiswahili amekwisha kuchagua upande, na mabadiliko ya vyombo vya habari na sheria kutoka neno la kwanza kwenda la pili ni mojawapo ya mabadiliko makubwa ya kimaana yaliyotokea katika lugha yetu katika kizazi hiki. Je, ni wangapi kati yetu tumelifundisha hilo katika kozi ya semantiki? Sisi wenyewe, tunakiri, hatukulifundisha mpaka filamu hii ilipotuaibisha.

Fikirini pia lile shairi la binti wa Kisomali. Alilisoma kwa Kiingereza kwa sababu shule ilimpa lugha hiyo ya kuandikia maumivu. Je, somo la Kiswahili lingempa? Tunawafundisha wanafunzi mizani na vina, tunawaandikisha insha kuhusu sherehe za harusi na ajali za barabarani. Mara chache tunawapa nafasi ya kuandika jambo ambalo nyumbani halitajwi.

Hapa Uganda mzigo wetu ni mkubwa zaidi. Iddi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wengi wa kizazi hicho kikabaki katika kumbukumbu kama lugha ya amri na bunduki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Lakini uamuzi wa serikali haufuti hofu ya bibi aliyewahi kufokewa kwa Kiswahili kizuizini. Nchini Kenya, sheria inaziruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo msichana wa kijijini anaweza kuiomba haki yake kwa lugha ya sokoni. Wanafunzi wetu wanahitaji kuiona sura hiyo ya Kiswahili, lugha ya mnyonge anayejitetea. Hakuna kitabu cha kiada kitakachowashawishi kama dakika chache za filamu ya namna hii.

Hitimisho

Je, mwenyeji alipona? Sheria zimebadilika. Uganda ilipata sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2010 na Kenya mwaka 2011. Filamu moja haiwezi kudai sifa hiyo. Huku kwetu kazi kubwa ilifanywa na Wasabiny wenyewe, kwa Kupsabiny, na Chama cha Wazee wa Sabiny kilipewa Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1998, kabla Longinotto hajaitoa filamu yake. Alichokifanya mgeni ni kuyahifadhi maneno ya wasichana ambayo yangepotea hewani. Aliyenyimwa kusemeshwa utotoni alikuja kuwasikiliza watoto wa wenzake, na kwa hilo tunamshukuru. Lakini maneno aliyoyahifadhi yamekwenda mbali, yakavaa Kiingereza, na hayajarudi nyumbani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, madogo na yanayowezekana. Kwanza, wanafunzi wa kozi ya tafsiri wapewe sehemu za filamu kama hii wazitafsiri kwa Kiswahili wakisikiliza sauti yenyewe, bila kutegemea maandishi ya Kiingereza, na pale lugha isiyo yao inapozungumzwa wamtafute mwenzao aijuaye. Pili, wanafunzi kutoka Sebei, Pokot na kwingineko waalikwe kueleza maneno ya kwao, nasi walimu tukae upande wa wanaojifunza. Tatu, katika insha za muhula tuweke angalau swali moja linalomruhusu mwanafunzi kuandika juu ya siku ambayo hataisahau, naye ahakikishiwe kwamba hatasomewa mbele ya darasa bila ridhaa yake.

Yule mwanafunzi wetu ameshaanza. Wiki moja baada ya filamu alituletea karatasi mbili alizoandika kwa mkono. Alikuwa amesikiliza tena mazungumzo ya mahakamani, akayaandika kwa Kiswahili, na pale asipoweza kupata neno aliacha nafasi wazi. Tulizihesabu nafasi hizo, zilikuwa kumi na moja. Tumeanza kuzijaza pamoja.